Benga ya Ziwani, Studio ya Kericho

Anayefika Kisumu kutafuta studio iliyotoa santuri za benga, muziki wa gita wa Wajaluo, za enzi ya mizunguko 45 ataonyeshwa mengi. Ataonyeshwa Kondele, ambako muziki haulali, ataonyeshwa soko la Kibuye na baa za zamani zilizobadilisha jina mara kadhaa. Studio yenyewe hataiona. Itambidi apande matatu inayopita mashamba ya mpunga ya Ahero, ipite Awasi, kisha ianze kukwea mpaka joto la ziwani liishe na baridi ya majani chai imkaribishe. Ni mwendo wa kilomita 80 hivi hadi Kericho, na ndiko familia ya Chandarana, Wakenya wenye asili ya Kihindi, ilikokuwa na duka la muziki lenye chumba cha kurekodia. Kuanzia miaka ya 1960, lebo ya A. P. Chandarana ikawa mlango wa kutokea kwa wanamuziki wengi wa Nyanza na Magharibi ambao nauli ya Nairobi iliwashinda, au ambao Nairobi haikuwa na haja nao.

Kwa nini Kericho, mji mdogo wa Wakipsigis ulio mbali na ziwa, na si Kisumu yenye bandari, reli na mashabiki? Jibu limo kwenye mshahara. Mashamba makubwa ya chai yaliyoanzishwa miaka ya 1920, yale ya Brooke Bond yakiwa mbele, yaliajiri vibarua kutoka Nyanza, Kisii na Magharibi, pamoja na wenyeji. Hawa walikuwa watu waliolipwa kila mwisho wa mwezi, walioishi kambini mbali na kwao, na waliokuwa tayari kutoa shilingi kadhaa kununua sauti ya nyumbani. Mvuvi wa Dunga alipata pesa leo akakosa kesho. Mchuma chai alijua tarehe ya malipo, na mwenye duka aliijua vilevile. Tena Kericho ilikaa pale ambapo njia za Wajaluo, Wakisii, Waluhya na Wakalenjini zilikutana, hivyo chumba kimoja kikaweza kurekodi lugha nne au tano bila mwenye chumba kusafiri.

Historia ya muziki uliorekodiwa imejaa miji midogo ya aina hii. Huko Alabama, Marekani, studio ya FAME ilianzishwa mwaka 1959 katika mji uitwao Florence, juu ya duka la dawa, kabla ya kuhamia ng'ambo ya mto, Muscle Shoals, ambako Aretha Franklin alikuja kurekodi mwaka 1967. Msomaji wa Kisumu atatabasamu hapa. Reli ilipofika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mji wake nao uliitwa Port Florence, kwa heshima ya mke wa mhandisi Ronald Preston. Florence ya Alabama ilipata studio yenye sifa duniani. Florence ya Nyanza ilipata gati, na studio ikaota mlimani.

Lakini kabla ya studio, Wajaluo walikuwa na nyatiti. Mpigaji huketi chini, akailaza ala yake yenye nyuzi nane mbele yake, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye ukingo wa ala ili kutia mapigo, huku njuga zikilia mguuni. Mtu mmoja anakuwa bendi nzima. Kwenye matanga na sherehe, muziki huu ulienda sambamba na pakruok, yaani majigambo ya kulipia: msikilizaji anatoa pesa, muziki unasimama, anajisifu au anamsifu rafiki yake, shemeji yake au kijiji chake, kisha nyuzi zinarudi. Mwingine naye anatoa zaidi. Hivyo wimbo mmoja ungeweza kukokotwa nusu usiku, na urefu wake ulitegemea mifuko ya waliohudhuria.

Mtambo wa kurekodi haukuwa na subira hiyo.

Hugh Tracey, mtafiti aliyeishi Afrika Kusini, alizunguka Kenya mwaka 1950 na tena 1952 kwa gari lililobeba mitambo na jenereta, akarekodi Wajaluo miongoni mwa wengine. Kazi yake iliyopata umaarufu zaidi kutoka pande hizi ilifanyika Kapkatet, katika iliyokuwa wilaya ya Kericho, ambako mwaka 1950 Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wa Kipsigis walimwimbia juu ya kiumbe nusu mtu nusu swala waliyemwita Chemirocha. Aliyekusudiwa alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vilimani pamoja na gramafoni. Wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho cha watu wa mashambani. Kinasema jambo zito zaidi: miaka kumi na zaidi kabla ya benga, santuri ilikuwa tayari imewafikia watu wa Kericho na kuwapa mada ya kutungia. Soko lilitangulia studio.

Redio nayo ilitangulia. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilifungua kituo cha utangazaji Kisumu, wakati uleule Mombasa ilipopata Sauti ya Mvita. Baada ya uhuru Sauti ya Kenya iliendeleza matangazo ya Kijaluo, na kwa mwanamuziki wa kijijini kupigwa redioni kulimaanisha kualikwa kwenye dansi za wilaya tatu. Ila redio hailipi kodi ya nyumba. Kilicholipa kidogo kilikuwa santuri, na dansi zilizoifuata.

Wakati huo gita lilikuwa limeshaingia. Wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia walirudi nalo, na vibarua wa reli na mashamba wakalinunua. Kwa majirani Waluhya, George Mukabi alipiga gita kavu kwa mtindo wa omutibo hadi kifo chake mwaka 1963. Upande wa Wajaluo, vidole viliyahamishia kwenye gita mambo ya nyatiti: noti moja moja zinazofuatana upesi, badala ya kukwaruza nyuzi zote kwa pamoja. Ogara Boys ndio hutajwa mara nyingi kwamba walilieneza jina la benga mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha magita yakawa ya umeme, besi ikapanda juu kuliko ilivyozoeleka katika rumba ya Kongo, na mwendo ukaharakishwa.

Aliyeubeba mtindo huo mbali kuliko wote alitoka ng'ambo ya mpaka. Daniel Owino Misiani alizaliwa Shirati, Tanzania, mwaka 1940, akavuka kuja Kenya kutafuta riziki ya muziki, na bendi yake ikachukua jina la kwao: Shirati Jazz. Misiani alipenda kuwasema wakubwa kwa mafumbo ya wanyama, na mafumbo hayo yalimpeleka mahabusu zaidi ya mara moja, maana askari nao walikuwa Wakenya na mafumbo waliyaelewa. Alifariki Mei 2006 katika ajali ya barabarani karibu na Kisumu.

Turudi chumbani. Kurekodi katika enzi hiyo kulikuwa kazi ya pamoja na ya mara moja. Gita la solo, ridhimu, besi, ngoma na waimbaji wawili watatu walipiga wote kwa wakati mmoja, na tepu ikazunguka. Aliyekosea aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Ndiyo maana bendi zilizoiva kwenye dansi za kulipia ziliwashinda wasanii waliofika na wimbo mpya kichwani: wale walikuwa wameshaupiga wimbo huo mbele ya watu miezi mingi, wakijua wapi mashabiki hupiga kelele. Tepu ikikamilika iliteremshwa Nairobi kuchapwa, kwa sababu Kericho haikuwa na kiwanda cha santuri, kisha sahani zikarudi kwa basi na kutawanywa madukani Kisumu, Kisii, Kakamega, Homa Bay. Maduka hayo yaliweka kipaza sauti mlangoni, na mpita njia akachagua kwa masikio.

Santuri ya mizunguko 45 ilikuwa na pande mbili, na kila upande ulibeba dakika tatu, nne, ukibanwa sana tano. Hapa ndipo chombo kilipougusa muziki wenyewe. Wimbo wa benga una nusu mbili: kwanza maneno, kwa mwendo unaoruhusu kisa kusikika, halafu waimbaji wananyamaza au wanabaki kuitikia tu, gita la solo linapanda juu na wachezaji wanaachiwa uwanja. Wenye lebo waliigawa kazi hiyo kwenye sahani moja, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Katika baa, aliyekaa karibu na gramafoni alikuwa na wajibu wa kugeuza sahani haraka kabla wachezaji hawajapoa. Si rahisi kuamini kwamba wanamuziki hawakuanza kutunga wakiwa na pengo hilo akilini. Sikiliza nyingi za santuri hizo: upande wa kwanza unaishia pale hasa ambapo mguu umeanza kuwasha.

Pakruok haikuenea kwenye dakika nne. Hakukuwa na nafasi ya kusimamisha muziki, wala msikilizaji wa kulipia hapo hapo. Wanamuziki wakapata hila: majina yakaingizwa ndani ya maneno ya wimbo. Jina la rafiki aliyetoa nauli ya bendi, la mwenye baa, la binti wa fulani kutoka Nyakach au Alego, yote yakapangwa mapema na kuimbwa yakipita. Kilichokuwa mnada wa usiku mmoja kikawa orodha isiyobadilika, na aliyetajwa aliweza kujisikia akisifiwa kila sahani ilipowekwa. Mfadhili gani angekataa? Mtu asiyejua desturi hii husikiliza benga na kushangaa kwa nini wimbo wa mapenzi una watu wengi kiasi hicho.

Kuhusu pesa, kumbukumbu za wanamuziki hazina furaha nyingi. Desturi ilikuwa kulipwa mara moja, kwa kila upande uliorekodiwa, na wimbo ukatoka mikononi mwa mtunzi. Palipokuwa na mrabaha, hesabu ya sahani zilizouzwa ilikuwa kwenye daftari la mwenye lebo. Bendi zilijibu kwa ujanja wa majina: jina hili likiwa limefungwa kwa mkataba, watu walewale walirekodi kwingine kwa jina lingine. Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee, iliyoundwa mapema miaka ya 1970, ilikuja kujulikana pia kama Victoria Kings, na herufi za alfabeti zikaongezwa kwenye jina hilo hadi wakusanyaji wa santuri wa leo huumwa kichwa kupanga nani alipiga wapi. Si haki kumtwisha mwenye duka wa Kericho lawama zote za mfumo huo, kwa kuwa Nairobi ilifanya hivyohivyo kwa watu wengi zaidi. Lakini wala si haki kumsifu mwenye lebo kana kwamba muziki aliutunga yeye.

Halafu akaja mtu wa ziwani aliyeamua kumiliki lebo mwenyewe. Phares Oluoch Kanindo, mwana wa Nyanza Kusini, alizipa lebo zake majina kama Lolwe, ambalo ndilo jina la ziwa kwa Wajaluo, na Sungura. Aliwatoa Kawere Boys na wengineo, akauza kwa wingi nyumbani, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: santuri zake zilishuka kusini hadi Rhodesia. Wapiganaji wa ukombozi waliokuwa kwenye kambi za Tanzania na Msumbiji walizoea muziki huo, na Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980 waliurudisha nao. Huko aina ya muziki ikaitwa kanindo, kwa jina la mwenye lebo, na nyingine ikaitwa sungura. Ephraim Joe akaunda Sungura Boys, ambamo John Chibadura alipitia kabla ya kuwa nyota. Leo kijana wa Harare akisema anapenda sungura, anataja lebo ya santuri iliyoanzia kwa Mjaluo. Kanindo mwenyewe aligeukia siasa akaingia Bungeni kuwakilisha Homa Bay, hatua ambayo kwa mwenye sauti kwenye kila baa ya jimbo haikuwa ndefu.

Kilichoiua santuri ni kaseti. Kaseti ilikuwa rahisi kununua, rahisi kubeba na, kwa bahati mbaya, rahisi kunakili. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mtu mwenye redio mbili na waya mmoja alikuwa kiwanda. Wimbo uliorekodiwa Jumatatu uliuzwa stendi za mabasi kwa bei ya chini kabla mwenye lebo hajapata nakala zake. Kampuni kubwa za kigeni zilizokuwa Nairobi zilifunga virago moja baada ya nyingine, uchapaji wa santuri ukafifia, na chumba cha Kericho, ambacho biashara yake yote ilikaa juu ya sahani ndogo yenye tundu katikati, hakikuwa na cha kuuza tena.

Kaseti hata hivyo ilirudisha kitu. Upande mmoja ulibeba nusu saa, hivyo wimbo ukapata tena pumzi yake ya zamani. Okatch Biggy na bendi yake ya Heka Heka walipovuma mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyimbo zao zilinyooka hadi dakika nane, kumi, bila kugeuzwa, na orodha ya majina ikarefuka. Biggy alifariki mwaka 1997, kipindi ambacho UKIMWI ulikuwa ukiimaliza Nyanza, bendi zikizika wenzao kila baada ya miezi michache. Kipindi hichohicho Princess Jully, mwimbaji kutoka Migori aliyerithi bendi ya marehemu mumewe, alitoa Dunia Mbaya, wimbo juu ya ugonjwa huo ulioimbwa nchi nzima wakati wanasiasa wengi bado walikuwa wakiuzungukazunguka. Musa Juma na bendi yake ya Limpopo International waliufuata mkondo huo kwa rumba laini zaidi, mpaka Juma naye alipofariki Machi 2011.

Enzi hiyo hiyo ya kaseti Wazungu walianza kuja kutafuta kile ambacho wenyeji walikuwa wakikitupa. Lebo ya World Circuit ya London ilitoa Benga Beat ya Shirati Jazz mwaka 1987, na lebo ya GlobeStyle ikakusanya muziki wa orutu, fidla ya uzi mmoja, na wa nyatiti, kisha mwaka 1993 ikawatoa Victoria Kings. Ayub Ogada alikwenda mbali zaidi: nyatiti yake ilirekodiwa katika Real World, studio ya Peter Gabriel iliyo kijiji cha Box, Uingereza, ikawa albamu En Mana Kuoyo mwaka 1993, na wimbo wake Kothbiro ukasikika kwenye filamu The Constant Gardener mwaka 2005. Ogada alifia Nyahera, nje kidogo ya Kisumu, Februari 2019.

Kazi ya kukusanya kwa mkono wa Wakenya wenyewe ilichelewa, lakini ilikuja. Tabu Osusa, mwanamuziki na produsa, aliijenga Ketebul Music katika kituo cha GoDown, Nairobi, na mwaka 2008 ikatoa mkusanyiko wa benga wenye kitabu, CD na filamu, ambamo wazee waliokuwa bado hai walihojiwa wakiwa na kumbukumbu zao. Baadaye Ketebul ikaingia katika mradi wa Singing Wells na kuugeuza utaratibu wa zamani: mitambo inapakiwa garini na kupelekwa kijijini, mpigaji wa nyatiti anarekodiwa uani kwake. Rekodi za Tracey nazo zilirudishwa Kapkatet, na wazee wa huko wakasikia sauti zilizorekodiwa mwaka 1950.

Na Kisumu? Mji uliokosa studio ya santuri sasa una studio nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu, kwa sababu studio imekuwa kompyuta, maikrofoni moja nzuri na godoro lililogongomewa ukutani kuzuia mwangwi. Ohangla, iliyokuwa ngoma ya matanga na harusi, ilivutwa kwenye soko la CD na Tony Nyadundo katika miaka ya 2000, kinanda cha umeme kikichukua nafasi ya ngoma kadhaa, na vituo vya FM vya Kijaluo vikaupa muziki wa ziwani saa nyingi kuliko ambazo Sauti ya Kenya iliwahi kuutengea. Suzanna Owiyo alijulikana kwa wimbo wa kuadhimisha miaka 100 ya mji huo mwaka 2001. Prince Indah na Emma Jalamo leo hutoa nyimbo moja kwa moja mtandaoni, bila kusubiri tepu iende Nairobi na irudi kwa basi. Mapato ya santuri na kaseti hayapo tena. Fedha zinatoka kwenye maonyesho na kwa wafadhili wanaotaka kutajwa. Wimbo unaanza, salamu zinafuata, na kila jina linaimbwa pamoja na mji anakoishi mwenyewe, uwe Nairobi, Mombasa au ng'ambo ya bahari. Kwa kuwa mtandao hauna upande wa pili wala dakika nne, orodha inaendelea mpaka waliolipa wameisha.